Mchanga Hauvuki Geti

2 Machi

Maji yameingia jikoni tena. Si ya mvua, ni ya bahari, yamevuka kizingiti bila hodi. Nimemkuta Mama anayasukuma nje kwa ufagio huku akisema, "Leo wamekuja mapema hawa." Bahari siku hizi anaiita "hawa", kama majirani wasio na adabu. Nimefika kazini viatu vimelowa chapachapa na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nimeamua kuandika mpaka masika yaishe, kwa sababu nikisema yaliyo moyoni nitagombana na mji mzima. Karatasi haimjibu mtu.

3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Basi.

5 Machi

Hili niliandike vizuri, maana limeanza leo.

Meli ya kuvuta mchanga imetia nanga nje ya miamba. Inashusha bomba mpaka chini kabisa, inafyonza mchanga na kokoto, kisha inautema ufukweni, na ufukwe ulioliwa unarudi. Sasa hivi inafanya kazi upande wa bandari, na bahari ikichafuka sana itaondoka zake. Halmashauri yetu inaweza kuomba na sisi tupewe. Lakini kuomba si kupata. Mchanga wa chini ya bahari ni mali ya umma, hauchotwi kama maji ya mvua, na Mamlaka ya Pwani ndiyo inayosema nani anastahili na nani hastahili.

Mimi ni mchora ramani wa idara ya ujenzi, kwa hiyo ufukwe wetu nimeuchora mimi. Nyumba za safu ya mbele, zilizoshikana kuta. Milango yake yote inaangalia bahari. Nyuma, upande wa barabara, ni madirisha tu yenye nondo. Mawe makubwa ya huku na huku yasiyopitika. Kichochoro kati ya nyumba yetu na ya Mwalimu Mkuu, ambacho ndicho njia pekee ya kufika baharini na hata milangoni kwetu. Na geti la kaka.

Geti hilo kaka yangu alilitengeneza miaka mitatu iliyopita, wezi wa mchanga walipokuwa wanakuja usiku na mikokoteni. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma na hajui kutengeneza kitu dhaifu. Kila nyumba ya safu ya mbele ina funguo zake. Mama ameutia wake kamba, anauvaa shingoni. Wezi hawakurudi tena, na kamati ya mtaa ilimpigia kaka makofi mpaka kichwa kikamvimba.

Nimelichora. Mimi huchora kilichopo.

9 Machi

Hatustahili.

Mkuu wa idara amenisomea jibu la Mamlaka kwa ombi letu akiwa amesimama, koti mkononi, tayari kwenda nyumbani. Ufukwe uliofungwa kwa geti na kutumiwa na wenye funguo peke yao si ufukwe wa umma, na mchanga wa umma hauwekwi mahali pa watu binafsi. Mistari miwili na muhuri. Nyumba ya mama yangu imebakiza hatua chache iingie baharini, wao wana mistari miwili!

"Kwani ulilazimika kulichora hilo geti?" Mkuu akaniuliza.

"Lipo, Mkuu."

"Mambo mengi yapo," akasema, akavaa koti lake akaenda.

Damu imenichemka mpaka nimevunja kalamu.

10 Machi

Kaka amekuja na mori wake wote. Habari zilimfikia kabla yangu, sijui kwa njia gani.

"Umetuuza kwa penseli! Dada wa tumbo moja!"

"Nimechora njia, kaka. Njia ina geti."

"Ungechora mti!"

"Kichochoroni? Mti umeota kichochoroni?"

Mama akatoa kichwa mlangoni. "Ingieni mgombanie ndani, mwone na maji yalivyojaa." Tukaingia. Tukagombana huku tunainua kabati la vyombo na kuliweka juu ya matofali, yeye upande ule, mimi upande huu. Kabati limekaa vizuri. Kaka ameondoka bila kuaga.

13 Machi

Nimeomba ruhusa nikaenda mwenyewe Mamlaka ya Pwani. Mkaguzi wa ufukwe ni mwanamke wa makamo, mjini wamembandika jina la Bibi Kokoto kwa sababu kila anapopita huinama, akaokota mchanga, akautia kwenye kichupa. Vichupa vimejaa dirishani kwake, vyeupe, vya kahawia, vya kijivu. Chumba kina harufu ya bahari iliyokauka.

Nilikuwa nimejipanga kulia. Hakunipa nafasi.

"Huu mchanga ukishatolewa chini haurudi," alisema. "Na si wangu. Ni wa mwenye nyumba ufukweni, na ni wa yule wa milimani ambaye bahari hajaiona hata kwenye picha. Sasa nimwambie nini? Kwamba nimechukua chake, nikaenda kukifungia ndani kwenu?"

"Mama yangu analala na maji chini ya kitanda."

"Pole sana, dada. Nasema kweli, pole. Lakini mama yako si kigezo. Kigezo ni kwamba mtu yeyote anaweza kupita. Fungueni njia, nitakuja kuangalia kwa macho yangu. Meli ikiwa bado ipo, mtapata."

Mama yako si kigezo! Nimetembea mpaka nyumbani nikilirudia neno hilo kwa sauti, watu wakanipisha njia.

14 Machi

Bado nimekasirika.

17 Machi

Kikao cha kamati, sebuleni kwa Mwalimu Mkuu. Alistaafu zamani lakini anaongea na sisi kama bado ana chaki mkononi. Nimesimama nikaeleza: tuondoe geti, tupate mchanga, nyumba zipone. Nilidhani nitapigiwa makofi kama kaka.

"Tukiondoa geti," Mwalimu Mkuu alisema, "kesho asubuhi mtaa wa nyuma wote uko mlangoni kwangu na watoto wao na redio zao. Mchanga tutapata, lakini ufukwe tutakuwa tumeupoteza."

"Bila mchanga nyumba tutazipoteza!"

"Usipaze sauti, binti."

Wakapiga kura. Mkono ulioinuka ni wangu tu. Nilimtazama Mama, akawa anatazama magoti yake. Njiani nikamuuliza kwa nini. "Geti likiwa wazi silali," akasema. "Kila anayepita namsikia." Nikatangulia mbele, maana ningemjibu vibaya.

Halafu kaka akaja na akili yake. Atalitoa geti siku ya ukaguzi tu, alifiche kwetu chini ya turubai, mkaguzi akipita na mchanga ukipangwa alirudishe. Kamati imefurahi kama watoto. Na mimi nimekubali. Nimekubali upesi kuliko wote.

19 Machi

Maji hayakuja. Mama amewapikia "hawa" chai, anasema ni ya kuwashukuru. Nimecheka mara ya kwanza mwezi huu.

24 Machi

Siku ya ukaguzi.

Asubuhi mapema kaka alikata bawaba, tukaliburuta geti mpaka uani na kulifunika. Tundu za bawaba ukutani alizipaka lipu, akazipulizia vumbi zionekane za zamani. Mwalimu Mkuu aliwatangazia watu wa mtaa wa nyuma wafike, waonekane wakipita. Walikuja wengi. Alikuwepo dobi, mama mnene mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, ndiye anayefua mashuka ya safu yetu yote. Alikuwepo mchukuzi wa sokoni. Walikuwepo akina mama na watoto wao.

Bibi Kokoto akafika, akasalimia wazee shikamoo, akatazama kichochoro. Kimekaa wazi, kipana, bahari inaonekana mwisho wake. Akatabasamu.

Na watu wakasimama.

Walisimama pale pale geti lilipokuwa, kwenye mstari, kama wamechorewa chini. Nyuma yao walikuja wengine, nao wakasimama. Hakuna aliyeweka mguu ng'ambo. Watu wa safu ya mbele walivyokuwa wanapita, kila mmoja, wallahi, alitia mkono mfukoni kwanza kutafuta ufunguo. Mama akaushika wake shingoni. Mwalimu Mkuu mwenyewe alinyoosha mkono hewani kusukuma kitu kisichokuwepo!

"Piteni basi," kaka akawaambia kwa meno yaliyokaza. "Si njia hiyo? Piteni!"

Hakuna aliyepita. Bibi Kokoto akamwendea dobi.

"Mama, mbona hampiti?"

Dobi akashangaa kuulizwa. "Sisi hatuna ufunguo," akasema.

Bibi Kokoto hakuuliza tena. Akainama, akaokota mchanga wa upande wa huku, wa barabarani, akautia kwenye kichupa chake. Alipokuwa anaondoka akaniambia mimi, si kamati, "Nimeambiwa hakuna geti, na kweli sikuliona. Lakini limo ndani ya watu. Nitafutieni ufukwe ambao watu wanaupita." 

Kaka ametukana mpaka koo limemkauka. Anamtukana dobi! Kana kwamba dobi ndiye aliyemfungia nje miaka yote hiyo.

27 Machi

Nimekwenda mtaa wa nyuma. Sikuwahi kuingia humo zaidi ya kupeleka mashuka. Dobi alikuwa anapiga pasi, pasi ya mkaa, jasho linamtiririka.

Nikamwomba. Nikamwambia geti bado lipo uani, kamati haijaamua, waje wapite tu, kila siku, wazoee, meli haijaondoka.

Akaligeuza shuka. Lilikuwa letu, nilitambua kiraka.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa mtaa huu. Nilikuwa nikioga bahari kila jioni. Mlipokuwa na mchanga hamkutuita. Sasa hamna mchanga, mnatuita."

"Wezi walikuwa..."

"Mimi ni mwizi?"

Nikakitazama kile kiraka.

"Nakuuliza. Miaka mitatu nafua mashuka yenu. Nikiyaleta nayaachia getini, nagonga kwa kopo mpaka mtu aje. Mimi ni mwizi?"

Nilirudi nyumbani nimenywea. Huko nyuma nilikuwa namchukia Bibi Kokoto usiku na mchana, nilimpangia mpaka maneno ya kumwambia nikikutana naye barabarani. Leo nimeyatafuta maneno hayo, nimeona yote yananifaa mimi na kaka na Mwalimu Mkuu. Hasira haijapungua, imehama nyumba tu.

30 Machi

Kaka amerudisha geti. Ameliongezea ncha za chuma juu, zimechongwa kama mkuki. Nimemuuliza za nini. "Za kichwa ngumu," akasema. Nikamwambia kichwa ngumu ni chake, na kama mama akifa na maji humu ndani asinikanyagie msibani. Hatusemezani.

2 Aprili

Mvua. Wamefika chini ya kabati.

4 Aprili

Mvua.

5 Aprili

Ukuta wa jikoni una ufa unaopitisha kidole. Nimemwambia Mama tuhame kwa muda. Anasema nani atasukuma maji. Nimemwambia maji hayasukumwi, Mama, bahari haisukumwi na ufagio! Nimempigia kelele mama yangu mzazi. Akaendelea kufagia.

8 Aprili

Meli bado ipo. Naiona nikiwa kwenye meza yangu ya kuchorea. Bahari ikituama kidogo inafanya kazi, ikichafuka inakaa. Nyumba za upande wa bandari, ambako hata mkokoteni unapita bila kuuliza, zimeshapata ufukwe mpana, watoto wanacheza mpira. Nikiwatazama roho inaniuma.

11 Aprili

Naandikia hospitali, benchi la nje. Mama yuko ndani wanamshona mkono. Mzima.

Upepo ulianza mchana, maji yakiwa yanajaa. Nilikuwa ofisini. Mkuu alikuwa anasema kitu kuhusu rula zangu. Simu ikalia, sauti ya dobi: "Njoo kwenu. Kimbia." Nikakimbia kwenye mvua njia yote ile na viatu mkononi.

Nilipofika mtaa wa nyuma wote uko kichochoroni. Maji yanatoka kwetu yanapita chini ya geti kama mto. Walikuwa wameshalitikisa, wameshalipiga kwa mawe, halikusogea hata unywele, maana kaka hajui kutengeneza kitu dhaifu. Mwalimu Mkuu na wengine wa safu yetu walikuwa mjini. Ndani tunamsikia Mama anaita, haiti kwa woga, anaita kwa hasira, "Nyinyi! Nyinyi!" Hata sasa sijui alikuwa anatuita sisi au bahari.

Nikatia ufunguo wangu kwenye kufuli. Chumvi imelila ndani. Ufunguo ukageuka nusu, ukavunjika, kipande kikabaki ndani ya kufuli.

Yule mchukuzi wa sokoni akapanda. Akapita juu ya zile ncha, moja ikamchana paja kuanzia goti, hakusimama. Tukamwona anaingia kwetu maji yakiwa kiunoni. Akatoka na Mama mgongoni, ufagio bado uko mkononi. Wakasimama upande ule wa geti, sisi upande huu, tunashikana mikono kati ya nondo. Hakuna wa kumpitisha juu ya mikuki ile mwanamke mzima. Nilimshika Mama vidole. Vilikuwa baridi.

Ndipo kaka akatokea anakimbia. Umeme umekatika, mashine yake ya kukatia haifai kitu. Akachukua nyundo kubwa akaanza kupiga bawaba alizozichomelea mwenyewe. Alikuwa anapiga na kulia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mtaa. Dobi akamshika kiuno asiteleze. Bawaba ya chini, ya juu. Geti likaanguka upande wa ndani, likamchana Mama mkono, kisha yeye na mchukuzi wakapita juu ya geti.

Jikoni kulianguka tukiwa bado kichochoroni. Halafu chumba cha Mama. Haikuwa na kelele nyingi kama nilivyofikiri.

12 Aprili

Mtaa wa nyuma wamekuwa wakiingia na kutoka tangu alfajiri, wanabeba kilichobaki. Godoro, masufuria, nusu ya kabati. Wanapita juu ya geti lililolala, hakuna aliyesimama kwenye mstari, hakuna aliyetafuta kitu mfukoni. Watoto wao wamekwenda moja kwa moja majini.

Bibi Kokoto alikuwa amesimama kichochoroni ameshika kiatu mkononi. Sijui amefika saa ngapi. Akamuuliza dobi, "Mama, unapita hapa?"

"Kuanzia jana," dobi akajibu, na sufuria yetu kichwani.

Bibi Kokoto akanigeukia. "Sasa mnastahili," akasema, kwa sauti ya chini.

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia kila kitu. Kwamba jana mchana tulikuwa watu wale wale, bahari ile ile, nyumba ilikuwa imesimama. Kwamba sheria yake imengoja ukuta uanguke. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamlengalenga, hakujitetea. Na hilo likanikasirisha zaidi, maana nilijua alichokuwa anaweza kunijibu. Aliniambia mwezi uliopita tufungue njia.

"Na nyumba ya mama?"

"Mchanga ni wa ufukwe, dada. Mahali palipoanguka hapajengwi tena."

Kaka alikuwa amekaa juu ya geti lake. Alisikia yote. Nilikaa pembeni yake.

21 Aprili

Bomba limeletwa. Linanguruma mchana kutwa. Kifusi cha nyumba yetu kimezolewa na mtambo.

25 Aprili

Tumepanga chumba kimoja uani kwa dobi. Mama anamkosoa jinsi anavyokunja mashuka. Wanapatana.

28 Aprili

Mwalimu Mkuu amepita kutupongeza kwa "ushindi wa mtaa". Nyumba yake imepona, mchanga umeizunguka. Nilimfungia mlango usoni. Najisikia vizuri.

9 Mei

Meli imeondoka. Leo jua limetoka kidogo, Mama akataka kupelekwa. Nilitaka kukataa, nikaona sina sababu ya kumwambia.

Tumepita kichochoroni, mimi, kaka na yeye. Amevaa kamba yake shingoni na ufunguo wake, sikumuuliza. Ufukwe ni mpana kweli, mchanga wake mweusi kidogo una kokoto ndogondogo na vipande vya gamba kutoka chini huko. Watu wamejaa, wengine sijawahi kuwaona, wametoka mitaa ya mbali. Mama akahesabu kwa macho kutoka ukuta wa Mwalimu Mkuu, akageuka, akaenda akasimama mahali. Pana mwanamke ametandika mkeka, mtoto amelala kando yake.

"Karibu mama, keti," yule mwanamke akasema. "Usione haya. Hapa ni pa wote."

Kaka akatazama chini. Mimi nilihisi mori unapanda kutoka miguuni, nikafungua kinywa. Mama akanibana mkono.

Akaketi, akanyoosha miguu, akagusa mchanga kwa kiganja huku na huku.

"Umekaa jikoni kwangu," akamwambia yule mwanamke, kwa upole kabisa.

Yule mwanamke akacheka, akidhani ni utani, akamvuta mtoto wake kidogo ili Mama apate nafasi.